Theluji Umeilaza Wapi?

Mezani ilikuwa kazi ya asubuhi moja:
mstari huu barabara, ule bomba la maji,
nukta nyeusi nguzo za umeme,
na viwanja tisa vimepangana kama vigae
juu ya shamba la ngano la marehemu Prokopchuk,
Saskatchewan, kilomita thelathini na moja
kutoka duka lililo karibu.

Halyna, mjane wake, aliitazama ramani,
akatua kikombe cha chai juu ya kiwanja cha nne.
"Na theluji," akauliza, "umeilaza wapi?"

Sikuwa nimeilaza popote.
Nilikuwa na maji yaingiayo na maji yatokayo,
gesi, simu, mapipa ya taka, njia ya zimamoto.
Theluji nilidhani hujipangia yenyewe.

Kidole chake kikatembea: hapa hurundikana.
Hapa, nyuma ya mierebi, hukaa hadi Mei.
Na hapa unapotaka kuzika tangi la maji machafu,
ikiyeyuka huwa ziwa, mabata wakatua.
Nikafuta.

Ardhi ile huganda kwenda chini
kiasi cha mtu mrefu aliyeinua mkono.
Ndiyo maana bomba tunalilaza chini kuliko maiti,
kwenye giza lisilopata habari za Januari.
Wapenda rahisi huniambia mita moja na nusu yatosha.
Yatosha, naam,
mpaka usiku ule mmoja.

Tukachimba mashimo sita kuipima kiu ya udongo:
unamwaga ndoo, unashika saa, unangoja.
Shimo la kwanza lilikunywa kama mlevi wa mshahara.
La tatu likakaa na maji kinywani hadi jioni,
mtoto aliyelazimishwa dawa.

Kisima alikichimba Léandre Delorme, mita sitini na nane,
kisha pampu ikanguruma siku tatu bila kupumzika.
Nililala ndani ya lori. Kila saa naamka,
nashusha utepe, naandika, narudi blanketini.
Saa ya kumi, maji yameshuka mita nne.
Saa ya hamsini, sikutaka kusoma.
Delorme akatema ganda la mbegu ya alizeti.
"Saba," akasema. "Hata ukikibembeleza, nyumba saba."

Tisa ndizo zilizolipa deni la mashine ya kuvunia.
Saba zinalipa riba, na kidogo.

Na namna ya kufika tisa nilikuwa naijua.
Kila mwenye kazi hii anaijua:
andika watu wawili watakapoishi watano,
punguza lita hapa, zungusha desimali pale,
hesabu itanyamaza. Penseli haina haya.
Atakayeona haya ni mama fulani, mwezi wa Agosti,
na sabuni nywelani, bomba likikohoa.

Nikamwambia Halyna. Alikuwa akikausha sahani,
akaendelea kuikausha ilhali imekauka.
"Vipi viwili?"
"Cha pili," nikasema, "na cha tisa, ndicho cha mbali zaidi,
bomba litafupika."
"Cha tisa nimemwekea Taras."
Taras yuko Calgary, mwaka wa kumi na moja.
"Hatakuja," akasema. Akaiweka sahani kabatini.
"Labda."

Tukafuta cha pili na cha sita.
Bomba likabaki refu. Gharama niliieleza kwa maneno mengi
katika barua ya halmashauri, nikataja mteremko.

Oktoba mitaro ilikuwa imefukiwa,
transfoma ya kijani imekaa peke yake kwenye mabua,
hakuna hata msingi wa nyumba moja.
Bi Froese akaja na basi la shule, tupu,
kujaribu duara la kugeuzia.
Akazunguka taratibu, viti vyote vikitazama mbele,
gurudumu la nyuma likapanda majani.
Akafungua dirisha.
"Ongeza mita moja," akasema, "na usisahau,
kufikia Desemba ukingo wote huu ni theluji."

Nikatoa penseli. Nikaongeza mbili.